Bombani sifuri, pipani dawa ipo: kutafuta kosa kwenye mtambo wa kudozi klorini

Kipimo cha bombani kikionyesha sifuri, mkono wa mhudumu hukimbilia kitufe cha pampu ya dozi na kukizungusha kutoka 40 hadi 80. Siku ya tatu wananchi wanakataa maji kwa kuwa yananuka dawa, au sifuri inabaki palepale na pipa linaisha kabla ya wiki. Kitufe ndicho kitu cha mwisho kuguswa. Kabla yake pima vitu vinne, kwa mpangilio huu: kipimo chenyewe, kiasi ambacho pampu inatoa kweli, nguvu ya dawa iliyomo pipani, na dawa inayoliwa na maji. Ukiruka hata kimoja utakuwa unabahatisha, na anayelipa ni mtoto anayekunywa maji hayo.

Mwongozo huu ni wa skimu ya kijiji au mji mdogo yenye kisima kirefu, pampu ya dozi ya diaframu (utando wa mpira unaocheza na kusukuma dawa), pipa la lita 100 la HTH (unga wa klorini, yaani kalsiamu hipokloraiti) iliyokorogwa, tenki la juu na vituo vya kuchotea. Wenye mtambo wa matone usiotumia umeme watakuta sehemu yao mwishoni.

Namba za kushika kwanza

Shirika la Afya Duniani linataka maji yakae na klorini angalau dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na baada ya hapo klorini huru, yaani ile ambayo haijaliwa wala kufungwa na kitu majini, isiwe chini ya 0.5 mg/l. Mwananchi anapokinga ndoo, iwepo angalau 0.2 mg/l. Ukomo wa juu kiafya ni 5 mg/l, lakini watu huanza kulalamika harufu mapema zaidi ya hapo.

Kwa mfano, kisima kinatoa mita za ujazo 12 kwa saa na dozi ni 1.5 mg/l. Hizo ni gramu 18 za klorini kila saa. Dawa ya asilimia 1 ina gramu 10 kwa lita, kwa hiyo pampu inatakiwa kutoa lita 1.8 kwa saa, yaani mililita 30 kwa dakika. Kukoroga lita 100 za asilimia 1 kwa HTH ya asilimia 65 kunahitaji kilo 1.54 za unga. Kisima kikisukuma saa 8 kwa siku, pipa linapungua lita 14.4. Fanya hesabu hii kwa kisima chako na uiandike kwa rangi ukutani, ndani ya kibanda cha dawa. Asiyejua pipa linapaswa kupungua kiasi gani hatajua limeanza kukosea lini.

Kipimo hakitoi rangi

Anza na vidonge. DPD namba 1 hupima klorini huru na hutoa rangi ya waridi. Kidonge cha pH cha fenoli nyekundu nacho hutoa wekundu, na huwa kwenye boksi hilohilo, kwa hiyo soma karatasi yake kabla ya kukifungua. Usikishike kwa vidole. Kidonge chenye madoa au kilichopitisha tarehe kitupe. Soma rangi ndani ya dakika moja, kivulini, ukitazama kwenye mwanga wa kawaida na si jua kali.

Kuna kisa kimoja hatari: maji yananuka klorini waziwazi lakini kipimo ni cheupe, au kimemulika waridi mara moja kikafifia. Hapo klorini imezidi mno hadi imechujusha rangi yenyewe. Chukua sehemu 1 ya maji hayo, ongeza sehemu 9 za maji yasiyo na klorini, pima, kisha zidisha jibu mara 10. Mhudumu asiyejua hili huona "sifuri" na kuongeza dozi juu ya dozi.

Kinyume chake pia hutokea. Maji yenye manganizi iliyokwisha kuoksidishwa hutoa waridi ya uongo. Na vifaa vya mabwawa ya kuogelea vinavyotoa rangi ya njano hupima klorini yote kwa pamoja, huru na iliyofungwa, kwa hiyo visitumike kuamulia usalama wa maji ya kunywa.

Pampu inagonga, pipa halipungui

Mlio wa tak-tak-tak unathibitisha kwamba umeme unafika. Hauthibitishi kwamba dawa inaenda.

Pima utoaji namna hii. Tia dawa kwenye chombo chenye alama za mililita, cha 250 ml, hamishia humo bomba la kufyonza, uiache pampu ifanye kazi dakika 2. Kwenye mfano wetu zinatakiwa kupungua mililita 60. Fanya hivyo pampu ya kisima ikiwa inasukuma, kwa sababu presha ya bomba kuu hubadilisha utoaji. Pampu inayotoa 60 bila presha inaweza kutoa 35 ikisukuma dhidi ya maji.

Ikitoa pungufu au isitoe kabisa, fuata njia ya dawa kuanzia pipani.

Valvu ya chini ya bomba la kufyonza, ile yenye chujio, ikae wima, sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya pipa. Ikilala kwenye masimbi meupe inafyonza tope. Chujio likiziba diaframu hucheza bure.

Hewa ndiyo inayofuata. Tazama bomba la kufyonza kwa makini: mapovu madogo yanayopanda na kurudi kila pampu inapogonga yanaonyesha nati iliyolegea, bomba lililopasuka kwenye shingo, au gesi inayotoka kwenye dawa yenyewe. Dawa ya klorini inayouzwa ikiwa majimaji hutoa gesi kuliko HTH, hasa kibanda kikiwa na joto, na gesi hiyo ikijaa kichwani pampu inaibana na kuiachia badala ya kusukuma dawa. Kata sentimita 1 ya mwisho wa bomba, lirudishe kwenye shingo, fungua valvu ya kutolea hewa, weka mpigo asilimia 100 hadi dawa itoke bila povu, funga, kisha rudisha mpigo ulipokuwa. Kusahau kurudisha mpigo ni chanzo kikubwa cha dozi kali kesho yake. Kimo kutoka uso wa dawa hadi kichwa cha pampu kisizidi mita 1.5.

Kisha valvu za kichwani. Hapa ndipo makosa mengi yanapopatikana, na hapa ndipo haraka inapovunja vitu. Hamishia bomba la kufyonza kwenye ndoo ya maji safi na uiache pampu ijisafishe dakika 5, kisha zima umeme na utoe presha kabla ya kufungua chochote. Fungua valvu ya chini kwa mkono. Ndani kuna gololi ndogo iliyokalia pete. Kwenye pete utaona ukoko mweupe kama chumvi ya pwani iliyokaukia jiweni. Upitishe ukucha uusikie unavyokwaruza. Ukoko mwembamba kama karatasi unatosha kuizuia gololi isikae sawasawa, na kila pigo dawa inarudi ilikotoka. Hiyo ni kalisi. Visima vya Unguja na vya ukanda wa pwani vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vina maji magumu, na HTH hupandisha pH ya maji ya kukorogea hadi kalisi inaganda yenyewe. Pale inapowezekana korogea dawa kwa maji ya mvua yaliyochujwa. Kichwa cha pampu kitakaa muda mrefu bila kuziba.

Loweka gololi, pete na nyumba zake kwenye siki hadi mapovu yaishe, suuza, rudisha. Usikwangue kwa waya wala kisu, kwani mkwaruzo kwenye pete hauponi. Tindikali yoyote, hata siki, isikutane na dawa ya klorini. Zikikutana hutoka gesi ya klorini inayounguza mapafu, na kibanda chenye mlango mmoja huwa mtego. Ndiyo maana ya zile dakika 5 za maji safi kabla na suuza nyingine baada.

Wakati wa kurudisha, mshale uelekee juu: dawa huingia chini na kutoka juu. Kaza kwa mkono tu. Spana hupasua kichwa cha plastiki, na ufa wenyewe hauonekani hadi presha ipande.

Nyuma ya kichwa kuna kitundu kidogo kinachoelekea chini. Kikidondosha dawa, diaframu imetoboka. Usikizibe. Badilisha diaframu na o-ringi siku hiyohiyo, la sivyo dawa itaingia kwenye mota na pampu nzima itakufa.

Mwisho kagua valvu ya kuingizia dawa kwenye bomba kuu, ambayo mafundi huiita injekta. Ncha yake huziba kuliko kitu kingine chochote kwenye mtambo kwa sababu hapo dawa kali inakutana na maji magumu. Dalili ni bomba la kutolea kuvimba na kuwa gumu kila pigo, au kuchomoka.

Pipa linajaa badala ya kupungua

Maji ya bomba kuu yanarudi pipani. Injekta na valvu ya kutolea zote mbili hazishiki. Dawa iliyomo imeshachujuka, kwa hiyo ukitengeneza valvu bila kumwaga pipa utaendelea kupata sifuri na kuilaumu pampu.

Asubuhi maji ni makali, mchana hayana kitu

Mara nyingi pipa limejinyonya usiku. Pampu ya kisima ikizimwa, maji yanayoteremka kwenye bomba huvuta, na dawa hufuata hata pampu ya dozi ikiwa imelala. Tia alama kwenye uso wa dawa jioni baada ya kuzima kila kitu, kisha tazama asubuhi. Pakipungua hata sentimita moja, umempata mwizi. Dawa yake ni injekta yenye springi iliyo nzima pamoja na valvu ya kuzuia mnyonyo, na sehemu ya kuingizia iwe baada ya valvu isiyorudisha maji ya kisima, upande wenye presha. Usiingize dawa upande wa mfyonzo wa pampu kubwa.

Sababu ya pili ni nyaya. Pampu ya dozi iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani huendelea kudunga dawa kwenye bomba lililosimama kisima kikizimwa. Iunganishwe ili iwake na kuzima pamoja na pampu ya kisima, na ikiwezekana swichi ya mtiririko iwe katikati, maana pampu ya kisima inaweza kuwa na umeme huku kisima kimekauka. Kwa visima vya umeme wa jua kuna tatizo la ziada: maji hupungua wingu likipita lakini pampu ya dozi inagonga mwendo uleule. Hapo inafaa pampu inayopokea mapigo kutoka kwenye mita ya maji.

Kama namba zinarukaruka dakika kwa dakika, angalia unachota sampuli wapi. Karibu sana na injekta dawa haijachanganyika. Chota kwenye bomba la kutokea tenki.

Pampu inatoa sawa, lakini maji yakitoka tenkini hayana klorini

Sasa shuku dawa. HTH mpya ina asilimia 65 hadi 70; kopo lililoachwa wazi kwenye joto hupungua bila kubadilika sura. Dawa iliyokorogwa nayo hupungua kila siku, na jua huiharakisha, kwa hiyo pipa liwe jeusi au la buluu nzito, lifunikwe, na dawa iishe ndani ya wiki moja.

Kuna njia ya kupima nguvu yake bila maabara. Kwa sirinji chukua 1 ml ya dawa, tia kwenye maji yaliyokenekwa hadi 100 ml, tikisa. Kutoka humo chukua 1 ml, tia tena kwenye maji yaliyokenekwa hadi 100 ml. Umeipunguza mara 10,000. Pima kwa DPD: ikisoma 1.0 mg/l dawa ni ya asilimia 1, ikisoma 0.6 ni ya asilimia 0.6. Usitumie maji ya bomba kwa kazi hii kwani yatakula klorini na kukudanganya.

Wakati wa kukoroga, unga ndio uingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha masimbi yatulie saa kadhaa au usiku kucha, kisha mimina yale ya juu tu. Vaa glovu, miwani na barakoa, mlango ukiwa wazi. HTH isikae chumba kimoja na dizeli ya jenereta, mafuta ya taa wala grisi, kwani ikigusana na mafuta inaweza kuwaka yenyewe. Na vidonge vya trikloro vya mabwawa ya kuogelea visikanyage kibanda hiki: si vya skimu ya maji ya kunywa, na vikichanganywa na HTH vinaweza kulipuka.

Dawa ni kali, pampu ni nzima, bado sifuri

Maji yanakula. Hapa ndipo pa kutumia ndoo. Chukua ndoo tano za plastiki zilizosuuzwa kwa maji yenye klorini, jaza kila moja lita 20 za maji ghafi, tia dawa ya asilimia 1 mililita 1, 2, 3, 4 na 6. Hizo ni dozi za 0.5, 1, 1.5, 2 na 3 mg/l. Koroga, funika, subiri dakika 30, pima. Ndoo iliyobakiwa na karibu 0.5 ndiyo dozi yako. Kama ni ile ya mililita 4, dozi ni 2 mg/l, na kwenye kisima chetu cha mfano pampu itoe mililita 40 kwa dakika badala ya 30. Sasa ndipo unaposhika kitufe.

Lakini uliza kwanza kwa nini ulaji umepanda. Kila miligramu 1 ya chuma kwenye maji hula takriban 0.64 ya klorini, manganizi hula 1.3, na naitrojeni ya amonia hutaka 8 hadi 10. Amonia ikitokea ghafla kwenye kisima, tafuta choo au zizi lililo karibu kabla ya kutafuta dawa zaidi. Chanzo cha mto wakati wa masika huleta tope, na tope huwaficha vijidudu hata klorini ikionekana ipo. Maji yawe chini ya NTU 1 (NTU ni kipimo cha utope wa maji), na kwa skimu ndogo yasizidi 5. Juu ya hapo kazi ni ya chujio.

Angalia na pH. Karibu na 7.5 nusu ya klorini huru iko katika hali yake yenye nguvu ya kuua. pH ikifika 8.5 inabaki karibu sehemu moja ya kumi tu. Kipimo kitasoma namba ileile, lakini vijidudu vitahitaji muda mrefu zaidi ndani ya tenki.

Maji yananuka dawa kali, klorini huru ni kidogo

Huu ndio mtego unaowanasa hata wazoefu. Malalamiko yanakuja, mhudumu anapunguza dozi, harufu inazidi. Pima kwa DPD 1, kisha ongeza DPD 3, kidonge kinachoonyesha klorini yote, huru na iliyofungwa, kwenye sampuli hiyohiyo. Kama ya kwanza ni 0.1 na ya pili ni 0.9, basi 0.8 imefungwa na amonia. Klorini iliyofungwa ndiyo yenye harufu ya bwawa la kuogelea na ni dhaifu kuua vijidudu. Hapo dozi inapanda hadi amonia iishe, kwa kuongozwa na jaribio la ndoo, na harufu hukata. Kama jaribio linadai dozi kubwa kuliko mtambo unavyoweza, chanzo hicho kitazamwe upya.

Maji yamegeuka mekundu au meusi tangu tuanze kutia dawa

Chuma na manganizi vilikuwemo tangu mwanzo vikiwa vimeyeyuka, klorini imevigandisha. Kupunguza dawa kunarudisha uwazi wa maji na kuondoa usalama wake. Kinachotakiwa ni kupuliza hewa, kutulisha na kuchuja kabla ya dozi.

Tenkini ipo, mwisho wa mtandao hakuna

Pima hatua kwa hatua kutoka tenkini kwenda mbali na uweke alama pale inapoanguka ghafla. Kushuka taratibu ni umri wa maji na utando wa mabomba. Kuanguka ghafla kati ya vituo viwili ni uvujaji, maungio ya wizi, au bomba linalopita mtaroni na kufyonza maji machafu mgao ukikatika. Chimba hapo. Ncha za mabomba zisizo na watumiaji zifunguliwe na kusukumwa nje hadi klorini ionekane. Kipindupindu kikitangazwa eneo lako, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni 0.5 mg/l katika mtandao wote, 1 mg/l kwenye vituo vya kuchotea, na 2 mg/l kwenye boza linapojazwa.

Mtambo wa matone usio na umeme

Kosa lake kubwa ni kimo. Matone yanayotoka kwenye koki ya chini ya pipa hupungua pipa linavyopungua: dawa ikishuka kutoka sentimita 80 juu ya koki hadi 20, utoaji unakuwa nusu. Ndiyo maana Jumatatu maji ni makali na Ijumaa hayana kitu. Tumia kisanduku kidogo chenye valvu ya boya kati ya pipa na matone, au boya linaloelea pipani likibeba bomba lenye tundu lililo kimo kilekile chini ya uso wa dawa siku zote. Boya, mkono wake na valvu viwe vya plastiki, kwa kuwa klorini hula shaba. Na matone yasirekebishwe kwa kufunga koki nusu, kwani mwanya mwembamba huzibwa na kalisi kwa siku moja au mbili. Weka kipande cha bomba laini chenye kibanio, na kila asubuhi kifungue wazi kwa sekunde chache ili ukoko utoke, kisha hesabu tena mililita kwa dakika.